Babu Yangu Analima Zabibu Kavu

Sentensi hiyo niliikuta kwenye daftari la kijana wa kidato cha pili, kwa Kifaransa kisicho na doa: Mon grand-père cultive des raisins secs. Kitenzi kimenyambuliwa sawasawa, nomino na kivumishi vimekubaliana kwa wingi. Ila babu huyo wa Hombolo, huku Dodoma, kwa maelezo ya mjukuu wake, anapanda zabibu zilizokwisha kukauka, anazipalilia, anazimwagilia, na anazivuna kavu vilevile.

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu wa Jiografia akauliza kulikoni. Halafu nikanyamaza, maana yule kijana halijui neno sec, yaani kavu. Mimi mwalimu wake wa Kifaransa sikuwahi kulifundisha. Kuna aliyemwandikia, na huyo aliyemwandikia hajawahi kukanyaga Dodoma.

Kwetu zabibu ni zabibu, iwe bado inaning'inia shambani au iko kwenye pakiti dukani. Mfaransa ya shambani anaiita raisin, na ikikaushwa inakuwa raisin sec. Mwingereza naye ana maneno mawili mbalimbali kabisa, na balaa lenyewe ni kwamba neno lake la zabibu kavu limefanana herufi kwa herufi na la Mfaransa la zabibu mbichi. Sasa baadhi ya programu za tafsiri, ukiziambia zitoke kwenye Kiswahili kwenda kwenye Kifaransa, hupitia kwanza kwenye Kiingereza, kama abiria wa Kondoa anayekwenda Singida kwa kuzunguka Dodoma mjini. Naamini ni kwenye hicho kituo cha kati zabibu za babu zilikokaukia.

Ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari iliyo pembezoni mwa jiji. Nilikisoma hapahapa, kule vilimani Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa wazazi wengi somo langu ni la anasa. Kwenye vikao huniuliza, "Mwalimu, hicho Kifaransa mtoto atakwenda kuzungumza na nani?" Nawajibu kwamba Kongo, Burundi na Rwanda ziko karibu nasi kuliko Uingereza, na kwamba pale Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako Kifaransa ni mojawapo ya lugha za kazi. Wanatikisa vichwa kukubali, kisha wanauliza alama za Hisabati.

Darasani nina wanafunzi 40 na simu moja. Simu ni yangu, kioo kimepasuka pembeni, bando nanunua mwenyewe, na nina kispika kidogo nilichokipata Sabasaba baada ya kubishana bei hadi muuzaji akachoka. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Nayataja haya mapema kwa sababu kila nikisoma maelezo ya namna ya kufundishia kwa akili mnemba, nakuta mwandishi anawazia darasa ambalo kila mtoto ana kompyuta yake na umeme haukatiki. Nyumbani ni habari nyingine: kuna simu ya kaka, ya mama, ya jirani mwenye duka. Huko ndiko insha zinakoandikiwa.

ChatGPT, programu ya akili mnemba inayokuandikia unachoiomba, ilitolewa kwa umma Novemba 2022, lakini mimi habari hizo zilinifikia mwaka uliofuata, kwa kijana wa stesheneri anayenichapia mitihani. Tangu hapo nimejaribu programu kadhaa za aina hiyo pamoja na za tafsiri, na sitasema kosa lipi lilifanywa na ipi, maana tabia zao zinafanana kama watoto wa mama mmoja.

Nianze na wema wake, nisije nikaitwa mnafiki. Kilichokuwa kinanimaliza ni habari za ufahamu. Vitabu nilivyokuwa navyo vilijaa akina Pierre na Marie wanaonunua mkate mrefu na kupanda treni za chini ya ardhi. Mwanafunzi wa Nzuguni anasoma aya nzima, maneno yote anayajua, lakini picha haimjii. Kutunga habari zangu mwenyewe kulinila Jumapili nzima. Sasa naiambia programu: niandikie kwa Kifaransa habari ya maneno 120, wakati uliopo tu, binti anakwenda soko la Majengo kununua mlenda na nyanya. Kabla sijanywa chai mafunda mawili, imeshamaliza. Naiambia tena: habari hiyohiyo, iwe nyepesi kwa wale wanaosuasua. Tena: iwe ngumu kwa wale watatu wa mbele. Napata habari moja kwa ngazi tatu. Kazi hiyo nilikuwa siifanyi kabisa, si kwa kutojua umuhimu wake, ni kwa kukosa nguvu.

Ila yule binti wa kwanza, baada ya kununua nyanya, alirudi nyumbani kwa kupitia ufukweni, akavua viatu na kutazama mawimbi. Huku kwetu! Kwa barabara bahari iko zaidi ya kilomita 400, na mwaka ule hata mvua ilikuwa ya kuhesabu siku.

Nilikasirika, halafu nikaanza kuelewa. Programu hizi hazina ramani kichwani. Zimelishwa maandishi mengi kupita kiasi, zikajifunza kubahatisha neno gani linafuata neno gani. Ukitaja mji wa Tanzania, soko na jioni, maandishi ya watalii yamejaa bahari, basi bahari inakuja. Na katika chakula chake hicho Kiingereza ndicho kimejaa sahani, Kifaransa kipo cha kutosha, Kiswahili ni kachumbari pembeni. Chigogo sijui kama kuna hata chumvi yake.

Kosa lililonifungua macho zaidi lilihusu treni. Tangu reli ya kisasa ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, wanafunzi wangu wanaipenda kuliko mada yoyote. Nikawapa kazi ya nyumbani: mazungumzo mafupi stesheni, abiria anauliza treni inaondoka saa ngapi. Katika madaftari 40, 11 yaliandika kwamba treni ya saa mbili asubuhi inaondoka à deux heures du matin. Yaani saa nane usiku! Saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza, yao inaanza katikati ya usiku, na mashine ilikuwa imetafsiri tarakimu bila kugusa jua. Hata wale ambao hawakutumia simu ya mtu walikuwemo, kwa sababu na mimi, nikikumbuka vizuri, niliwahi kupita juujuu kwenye somo la saa nikidhani ni jambo la kidato cha kwanza.

Siku hiyo niliacha azimio la kazi likae. Nilichora saa mbili ubaoni, moja yetu, moja yao, tukahamisha siku nzima ya mtu wa Dodoma kutoka saa moja kwenda nyingine: adhana, kengele ya shule, ugali wa mchana, taarifa ya habari ya usiku. Hakuna aliyesinzia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea saa kwenye mtihani wa muhula. Nadhani kama ningewafundisha kwa kitabu bila lile kosa, nusu yao wangeshasahau.

Ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sasa nakiona kila mahali. Mashine inafundisha vizuri, ila inamfundisha mtu ambaye hayumo darasani kwangu. Inamfundisha Mwingereza. Ukiiuliza jinsia ya nomino za Kifaransa, inaanza na "tofauti na Kiingereza..." Mwanafunzi wangu tofauti na Kiingereza inamhusu nini? Yeye tangu ananyonya anasikia mti mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri. Kivumishi kufuata amri ya nomino kwake si ajabu. Nikimwambia Kifaransa kina ngeli mbili tu, le na la, ananiangalia kwa huruma: mbili tu? Ukiiomba ieleze kwa Kiswahili, ndiyo inaharibu kabisa. Passé composé, wakati uliopita wa Kifaransa, iliniletea "wakati uliopita uliotungwa". Nimesoma Kiswahili mpaka kidato cha sita, sijawahi kuonana na wakati huo.

Kuna siku nilikuwa nafundisha ukanushi, je n'aime pas, naeleza kwa juhudi kwamba Wafaransa hukanusha kwa kukibana kitenzi pande mbili. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida husema mara moja kwa mwezi, akanyoosha mkono. "Madame, si hata sisi? Sipendi. Si- mbele, halafu ile -a inakuwa -i nyuma." Nilisimama na chaki mkononi. Miaka yote ninayofundisha sikuwahi kuliona hilo, na hakuna programu iliyowahi kuniambia.

Mama mmoja anayeuza vitenge Majengo alikulia Bujumbura. Nikipita huwa tunasalimiana kwa Kifaransa, wateja wanatukodolea macho. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, nikamleta darasani asubuhi moja. Wanafunzi wakamtaka ahesabu. Alipofika sabini akasema bila kusita: septante. Tisini: nonante. Darasa lililipuka. Walikuwa wametoka kuteseka wiki nzima na soixante-dix, sitini na kumi, na quatre-vingt-dix, nne mara ishirini na kumi juu yake. Niliiuliza programu mbele yao. Ikasema septante ni ya Ubelgiji na Uswisi. Nikaiuliza Burundi, Rwanda na Kongo je? Ikakubali papo hapo, kwa adabu nyingi, kama mtu aliyekuwa analijua jambo siku zote ila hakuna aliyemuuliza. Nchi hizo tatu zilitawaliwa na Wabelgiji, ndipo hesabu hiyo ilipotoka. Kwenye mtihani nimewaambia waandike sitini na kumi, nisije nikawaponza. Lakini yule mama alipokuwa anaondoka aligusa simu yangu kwa kidole: "Mwalimu, hii yako imesoma Paris. Mimi nimesoma sokoni."

Sasa niseme la aibu.

Binti wa kidato cha tatu aliandika insha kuhusu bibi yake. Ilikuwa nzuri mno. Aya zimepangwa, viunganishi vinateleza. Kwa kuwa nilishaumwa na nyoka wa zabibu kavu, nikashtuka kwa unyasi. Nikaipeleka kwenye tovuti moja inayodai kutambua maandishi ya mashine. Ikaleta rangi nyekundu na asilimia 92.

Nilimwita ofisini, walimu wenzangu wapo. "Nani kakuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe, Madame."

Nikamwonyesha ile rangi nyekundu kama mtu anayeonyesha cheti cha daktari. Nikampa sifuri. Hakulia. Alisema "Sawa, Madame," akapiga goti kidogo kama wanavyofanya mabinti wa huku, akatoka.

Kesho yake nilikuta juu ya meza yangu daftari lake la rafu. Insha ileile, imeandikwa mara tatu, mistari imekatwa, mishale inapanda na kushuka, mahali pamoja karatasi imetoboka kwa kufutwa. Na pembeni, kwa wino mwingine, orodha ya maneno ya kuunganishia aya: tout d'abord, en outre, en ce qui me concerne, force est de constater. Niliitambua orodha hiyo. Niliiandika mimi ubaoni mwezi Machi, nikawaambia waikariri yote kwa sababu msahihishaji hufurahi akiyaona. Binti wa watu aliitii. Aliyatumia yote, hakubakisha hata moja. Kile kifaa kilinusa harufu ya mashine, kumbe harufu yenyewe ilikuwa yangu.

Baadaye ndipo nikasoma, kama kawaida yetu ya kusoma maelekezo baada ya kuunguza redio. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa kitambuzi chao Januari 2023, wakakiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vitambuzi saba insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa kazi ya mashine, ilhali zimeandikwa na binadamu. Sababu yake haina uchawi. Vitambuzi vya namna hiyo hupima kama maneno yanatabirika. Mtu anayejifunza lugha ana maneno machache, na machache hayo hutabirika. Kifaa kilipima uchache wa msamiati kikauita wizi, na mimi nikakigongea muhuri.

Nilimrudishia alama zake na kumwomba radhi mbele ya walimu walewale. Mwalimu wa nidhamu alikohoa kikohozi kirefu. Ofisi ya walimu haijazoea mambo hayo. Binti alisema tena "Sawa, Madame", kwa sauti ileile, na mpaka leo sijui kama ni sawa kweli.

Tangu siku hiyo sijafungua tena tovuti ya kutambua. Nikiwa na shaka, namketisha mwanafunzi anisimulie insha yake kwa Kifaransa dakika mbili, bila daftari. Mjukuu wa mkulima wa Hombolo nilimuuliza tu sec maana yake nini. Aliangalia dari kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, "Madame, hiyo ilikuja yenyewe." Hakuna jibu la kweli zaidi ya hilo.

Nilibadilisha na mbinu. Alhamisi huwa naleta ukurasa ulioandikwa na programu, nanakili ubaoni, darasa linawinda makosa. Anayekamata kosa la sarufi anapata alama moja, anayekamata kosa la Dodoma anapata mbili. Makosa ya sarufi ni haba mno, lazima niseme hivyo. Ndiyo maana watoto walijifunza upesi kuwinda yale mengine. Walikamata "Désolé pour le travail", yaani pole na kazi imegeuzwa kuwa samahani kwa ajili ya kazi. Walikamata kwamba yeye daktari kila mara anakuwa il, mwanaume, na yeye muuguzi anakuwa elle, wakati Kiswahili hakikusema lolote kuhusu nani mwanaume. Hilo la pili lilizua mjadala uliokula kipindi cha Uraia kilichofuata, na mwenzangu wa Uraia hakunisalimia siku mbili.

Wakaanza kuleta wenyewe, wamenakili kutoka simu za nyumbani kwenye vikaratasi, wanakimbia asubuhi kunionyesha. Walewale waliokuwa wanaficha.

Kisha tukalewa ushindi. Alhamisi moja programu iliandika ubuyu kuwa pain de singe. Mkate wa nyani! Darasa liliangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza, nikapiga mstari mwekundu na kusema hapa mashine imechanganyikiwa. Mbuyu tunao hadi nyuma ya vyoo vya shule, tutafundishwa nini? Jumamosi nilikuwa maktaba chuoni kwa shughuli nyingine, nikafungua kamusi kubwa ya Kifaransa kwa udadisi tu. Pain de singe, tunda la mbuyu. Ndivyo wanavyoliita kweli.

Alhamisi iliyofuata nilirudi ubaoni nikafuta ule mstari. Kijana mmoja, kwa uso wa unyenyekevu ambao nilijua si unyenyekevu, akauliza, "Kwa hiyo Madame, kosa la wiki iliyopita tuliandike kwa nani?" Nikaandika jina langu kwenye safu ya makosa. Bado lipo, wanalirudishia kwa chaki kila likififia.

Matamshi ndipo simu inaponisaidia kuliko sikio langu, maana sikio langu limewazoea. Naweka maandishi kwa sauti, lugha Kifaransa, mwanafunzi anasema, simu inaandika ilichosikia. Haina huruma. Kiswahili hakina ile u nyembamba ya Kifaransa, basi mwaka mzima wanafunzi wangu walikuwa wanaishi ndani ya gurudumu: badala ya rue, mtaa, simu iliandika roue. Na sauti za puani ndiyo usiseme. Mmoja alitaka kusema Dodoma kuna upepo mwingi, vent. Simu ikaandika vin, mvinyo. Tukabishana kama tuhesabu kosa, kwa kuwa yote mawili ni kweli.

Mwezi uliopita zamu ilimfikia yule mjukuu wa Hombolo, sasa yuko kidato cha tatu, sauti imeshavunjika. Alisogea mezani, akashika simu yangu kwa mikono miwili, akasema sentensi yake, safari hii ya kwake mwenyewe: Mon grand-père cultive le raisin. Wote tukainama kuangalia kioo. Simu ilikuwa imeandika la raison. Babu yangu analima busara.

Akaisoma, akaisoma tena. "Hapo haijakosea sana, Madame," akasema. "Kule kijijini wakigombana mashamba ndiye wanamwita."

Tukarudia. Mara ya nne ikaandika raisin, na bando likaisha hapohapo.